Makoti ya Kijani

Mama mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia sisi mashabiki, siku ya mechi, alikuwa anaanua shuka zikiwa bado mbichi, na jua linawaka kweli kweli.

"Mbona simu inasema hakuna mvua, mama?"

"Simu yako imefika jana, mwanangu. Mimi nina miaka arobaini hapa. Mmebeba makoti?"

Tulibeba miwani ya jua. Akatutolea makoti ya mvua, yamepigwa pasi, yote ya kijani: rangi ya wapinzani wetu!

"Msifungue hata kifungo mpaka mrudi."

Tukavaa, shingo upande.

Kipindi cha pili, tukiwa jukwaani, mvua ilimwagika. Tukafunga bao. Mfungaji wetu akatukimbilia, akaona kijani kitupu, akasimama ameduwaa.

Nikafungua kifungo kimoja, aone jezi nyekundu, kavu kabisa. Mama anisamehe.