Mazoezi ya Kukosea

Siku hizi bendi ya watu lazima ikosee mara tatu kila onyesho, la sivyo mkaguzi anasema tumeficha mashine, anatufungia. Basi kila asubuhi watu wazima wenye mvi tunafanya mazoezi ya kukosea. Upuuzi mtupu. Jana mwenzetu Ngoliga aliharibu besi wimbo mzima, na wale wapumbavu ukumbini wakampigia vigelegele.

Leo nimejifungia chumbani na gitaa, nikapiga solo yangu ya zamani, safi kabisa. Mke wangu akaingia mbio.

“Baba Siwema, kosea kidogo basi! Majirani wanasikia, watamwambia mkaguzi tuna mashine.”

“Wasikie, mabwege hao.”

Nikaanza upya, nikitaka usafi uleule. Vidole vikakosea vyenyewe. Mke wangu akashusha pumzi, akasema ahsante.