Utando wa Ngozi ya Samaki

Mafuta ya kukaangia samaki yalimwunguza Bi Sinde mkono mzima, na tangu alazwe hospitali hakuna aliyekuja kumjulia hali. Asubuhi hiyo daktari alimwekea juu ya kidonda utando laini, uliotengenezwa kwa ngozi ya samaki na kupandwa chembechembe za ngozi yake mwenyewe.

"Zitakua humu, mama, zizibe kidonda."

"Na utando wenyewe?"

"Utayeyuka polepole. Mwezi ukiisha, haupo."

Bi Sinde akausogeza mkono karibu naye, kama mwenyeji aliyeambiwa kuwa mgeni wake hatalala kwake.

"Usiufunge bado, mwanangu," akasema. "Niache niutazame."

Daktari, bendeji mkononi, akavuta kiti, akaketi. Wakautazama wote wawili, unyevunyevu wake ukimeta kwa mwanga wa dirishani.