Usafishaji wa Sauti

Siku hizi kila mtu huvaa kidude sikioni, na sauti ya mwenzake haimfikii mpaka kompyuta ya nyumba iiondolee uchungu. Kila jioni Mama Aikande alimshukuru Mungu kwa amani ya nyumba yake.

Wiki hii kompyuta ilichemka, feni yake ikivuma kama mvua ya mbali, naye akaita fundi.

"Huduma ya kusafisha sauti inakula nguvu zote za kompyuta," fundi alisema. "Kuna mtu anaipa kazi nzito."

"Tuko wawili tu, na binti yangu huongea kama malaika."

"Basi tuzime usafishaji kidogo, mama, ipoe."

Feni ikanyamaza. Aikande akaingia kutoka kazini.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa sauti ya mtu aliyelia miezi mingi.

"Niwashe tena?" fundi aliuliza.

Mama Aikande alimzuia kwa mkono. Alitaka kuitikia marahaba, lakini aliogopa jinsi sauti yake mwenyewe itakavyosikika.