Ubani wa Bi Chausiku

Siku hizi mtoto akiingia kidato cha nne anakabidhiwa pesa zote za nyumba. Ndio mtihani wake wa somo la fedha, na mzazi akitaka hata kiberiti, sharti amwombe.

Asubuhi ile Mwanahawa aliomba pesa za ubani, maana jirani yao Bi Chausiku alikuwa amefiwa na mumewe. Simu ikamjibu: ombi limekataliwa. Akamfuata bintiye sebuleni, kanga kaifunga kibwebwe.

"Rukia, umeninyima ubani wa msiba?"

"Mama, hauna faida. Mwalimu atanikata alama."

"Faida! Baba yako alipokufa, nani alikuja na sufuria zake akatupikia hapa mpaka arobaini ikapita? Nani alikubeba mgongoni, mimi nikiwa sijiwezi? Mwalimu wako?"

"Hilo nimelipigia hesabu, mama. Bi Chausiku alipata hasara kubwa."

Mwanahawa akanyanyua mkono, kisha akaushusha. Ampige kwa kosa gani? Mtoto hakuwa na jeuri hata chembe. Alijibu kama alivyofundishwa, tena kwa adabu. Hilo ndilo lililozidi kumchoma.

"Basi nakwenda mikono mitupu, nikakae jamvini na aibu yangu! Na mimi nikifa, Rukia? Utanizika, au nami sina faida?"

Uso wa binti ukachangamka.

"Usihofu, mama. Maziko yako niliyapanga tangu muhula wa kwanza, bila turubai wala chai ya wageni. Nilipata alama zote."