Damu ya Garai

Picha ilikuwa imegeuziwa ukutani kama mwanafunzi mtukutu, na ingebaki hivyo mpaka Bibi Kumbong aseme neno. Msimamizi wa maonyesho, hapo mjini Kuching, alishachoka na wachoraji wanaojizulia mababu. Mzee wa familia athibitishe kwanza, la sivyo picha haitundikwi.

Lidia, mjukuu wa Bibi, alikuwa ameacha kazi ya benki ili aichore picha hiyo. Mwaka mzima aliwachosha watu kwa habari za Garai, shujaa wa nyumba yao ndefu, ile inayokaliwa na ukoo mzima kijijini, babu yake Bibi. Hata kiburi chake, ambacho mama yake alidhani ni cha benki, alisema kakirithi kwa Garai.

Alimchora mrefu kuliko mlango: manyoya ya ndege hondohondo kichwani, panga kiunoni, na mkononi kichwa cha adui akikining'iniza kwa nywele. Uso wa Garai aliutoa kwenye picha ya zamani. Wa adui hakuwa nao, basi akajitazama kiooni na kujichora mwenyewe, akaongeza makunyanzi na masharubu.

"Bibi, usiseme mengi," alinong'ona. "Sema tu ni wetu."

"Nimepanda mashua na mabasi mawili nije kufundishwa kusema? Hebu igeuzeni!"

Wakaigeuza. Bibi alisogea hadi pua ikakaribia kugusa rangi. Machozi yakamlengalenga.

"Ndiye babu yako, Bibi?" msimamizi akauliza.

"Ndiye, mwanangu. Sikuwahi kumwona, lakini huu ni uso wa baba yangu kabisa."

Msimamizi akatia sahihi na kuwaita wenye ngazi waitundike. Lidia alifurahi, ila neno moja lilimkera.

"Hukuwahi kumwona vipi, Bibi? Si ulisema alikuwa akikupakata?"

"Aliyenipakata ni Garai." Bibi aliinua mkono, akakipapasa shavuni kile kichwa kilichoning'inia. "Alimkata babu kichwa, akamchukua baba yangu akiwa mtoto, akamlea kama wake. Tulikatazwa kulitaja. Nani alikuambia, mjukuu wangu?"