Finland Inauliza

"Andika," Wabwire aliamuru. "Nyinyi watu wa dunia, nataka kuoa. Serikali imeniharibia kila kitu, kwa hivyo nisaidieni haraka."

Msichana wa kompyuta hakugusa kitu. "Mzee, hata salamu hakuna?"

"Hawanijui, siwajui. Salamu ya nini? Andika!"

Wabwire alikuwa fundi wa bati Kawangware, karibu na stendi ya 46, mtengenezaji wa masanduku ya shule. Mke wake alikufa katika hospitali ambayo dawa zake zilikuwa zimeuzwa na wakubwa, na tangu hapo hakuwahi kumaliza kikombe cha chai bila kumlaani mkubwa fulani. Sasa alikuwa amempata Magdaline, mjane muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa kule Kibera, upande wa Olympic. Magdaline alikuwa tayari, ila kwa sharti moja.

"Kifungua mimba wangu lazima akubali," alimwambia. "Akikataa, tutabaki kusalimiana sokoni tu. Na kwangu usikanyage mpaka nikuite."

Wabwire hakuwa na wa kumuuliza mtoto kama huyo hubembelezwa vipi. Mafundi wenzake wangemcheka. Mchungaji angemtangaza kanisani. Ndipo akasikia kwamba ofisi moja ya kupiga taipu pale Riruta imeleta kompyuta, na ndani yake watu wasiojuana, kutoka kila pembe ya dunia, huulizana shida na kujibiana. Mwaka ulikuwa 1999 na Wabwire alikuwa amekata tamaa na kila aliyemjua.

Alimwaga yote mbele ya yule msichana: jina la Magdaline, mwanya wa meno yake, hata jinsi anavyocheka. Hakuona aibu. Watu wa Nairobi walizoea hivyo tangu enzi za makarani wa barua nje ya posta. Mtu akikuandikia, unamhesabu pamoja na kalamu. Wabwire hakumuuliza hata jina.

Kesho yake alirudi. "Wamejibu?"

Msichana alisogeza uso karibu na kioo. "Wawili. Wameandika kwa Kizungu, nitakusomea kwa Kiswahili. Wa Kanada anasema, ukiomba msaada kwa watu usiowajua, anza na salamu. Sema wewe ni nani, unatoka wapi, na umejaribu nini. Halafu uache kutaja serikali kila mstari. Serikali haijamkataza huyo mama kuolewa."

"Mwambie yeye hana serikali kama yetu! Angekaa hapa karibu na choo kinachofurika, huku diwani anapita na gari lake, vioo vyeusi vimefungwa..."

"Niandike hivyo?"

"Basi, wacha," Wabwire alisema. "Andika... hamjambo wote huko."

Akajieleza pole pole, kama mtu anayevua kiatu chenye msumari. Majibu yalipokuja, yalikuja na maswali.

"Wa Kanada anauliza kama unakunywa."

"Kidogo."

"Anauliza, kidogo ya daktari ama kidogo ya Kawangware?"

"Kanada wanaijua Kawangware?"

"Si ulijieleza unakotoka, mzee?"

"Ya Kawangware," Wabwire alikiri. "Lakini mwambie nitapunguza."

"Na wa Finland anauliza kama unaweza kula omena kila siku bila kununa."

"Finland kuna omena?"

"Wana maziwa mengi ya kuvua samaki kuliko huku kwetu."

"Wacha! Na samaki wao hawachukuliwi na wakubwa?"

"Mzee, jibu swali."

"Nitakula. Hata kichwa chake."

Siku moja msichana alisoma, akasoma tena. "Finland inauliza: je, umefikiria huyo mtoto atajisikiaje akiona mwanamume mwingine amekaa pale babake alipokuwa akikaa?"

Wabwire alivua kofia.

"Hilo sikufikiria," alisema. "Waambie sitakalia kiti cha marehemu. Nitajitengenezea changu, cha bati. Na kikishika kutu, nitakipaka rangi mwenyewe." Kisha akaongeza, "Asanteni, watu wangu wa mbali. Poleni na baridi."

Alipotoka siku hiyo aligeuka mlangoni akamwambia hata msichana kwaheri. Alijishangaa mwenyewe mpaka akafika barabarani.

Halafu Magdaline akatuma neno: aje Jumapili baada ya kanisa, kifungua mimba atakuwepo. Wabwire alikimbilia Riruta na aproni ya kazi bado kiunoni.

"Waulize niende na nini! Niseme nini!"

Majibu yalimfikia Jumamosi. Kanada ilisema sukari na majani ya chai. Finland ilisema afunge mdomo mpaka aulizwe.

Jumapili Wabwire alivuka Kibera akiwa na kiti cha bati kichwani. Watu wakamuuliza kama amefukuzwa na landilodi. Mwingine akauliza kama kanisa lao halina mabenchi. Hakuwajibu. Alipokaribishwa, alikiweka kiti chake karibu na mlango, akakabidhi sukari na majani, akakaa, akafunga mdomo.

Magdaline aliweka ugali na omena mezani. Hakuonyesha mwanya wake hata kidogo. "Mtoto anakuja kukunawisha," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi mwenyewe sijui atasema nini."

Pazia la chumba cha ndani likasogea. Msichana wa kompyuta alitoka na jagi na beseni, akapiga goti mbele ya kile kiti cha bati, akammiminia Wabwire maji ya uvuguvugu mikononi bila haraka.

"Finland inasema karibu nyumbani," alisema. "Kanada bado inafikiria."