Kina cha Mwisho

Kabla ya kukata utepe wa bomba jipya, meya alimwomba Mashavu, malenga wa mji, aliimbie sifa. Mashavu akapanda jukwaani, akawatazama wanawake waliokalia ndoo zao zilizopinduliwa, akaghani:

"Bomba letu la mjini, lang'aa kupita taji,
Lina utepe shingoni, ila halijui…"

Hapo akanyamaza. Kina kilichobaki kila mtu alikijua.

"Maji!" uwanja mzima ukaitikia, ukaangua kicheko.

Meya akashusha mkasi, akacheka kwa haya. "Fundi, fungulia maji upesi, shairi hili lisije likafika mji wa pili!"

"Limeshaondoka, mheshimiwa," akasema Mashavu, akimwonyesha watoto waliokuwa wakiliimba barabarani.

Bomba likakohoa. Wanawake wakasimama, wakaanza kugeuza ndoo.